Vuta, Fungia, Usitikisike

Nimechoka, na ni heri niseme mapema, ili asiyependa maneno ya mtu aliyechoka aende zake salama. Mimi ni muuguzi. Nina miaka hamsini na sita, magoti yanayolalamika kila ngazi, na kazi moja niliyoifanya tangu ujana: kuwashika watu mkono na kuhesabu. Kwa miaka saba nimehesabu katika zahanati ndogo kwenye lango la mgodi mmoja, nje kidogo ya Kolwezi, ambako madereva wa malori makubwa ya mawe lazima wapite kabla ya kuingia zamu ya asubuhi. Mtu anaingia, anakaa, ananyoosha mkono. Naweka vidole viwili kwenye kifundo, naangalia saa ya ukutani. Tukimaliza anasema asante mama, anavaa kofia yake ngumu, anatoka, anaingia mwingine.

Kabla ya hapo nilikaa miaka kumi na tisa katika chumba cha picha za kifua. Hapa kwetu kila anayefanya kazi mgodini hupigwa picha hiyo mara moja kwa mwaka, kwa ajili ya vumbi. Wanaume walikuja idara kwa idara, wakavua mashati, wakakumbatia ubao wa baridi, nami nikasimama nyuma ya kioo na kusema maneno matatu. Vuta. Fungia. Usitikisike. Yaani vuta pumzi, izuie ndani, tulia hivyo hivyo mpaka mashine ilie. Niliyasema tangu asubuhi hadi mchana, na marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba nayasema hata usingizini na yeye anatii. Wengi wa madereva wa leo niliwajua migongo kabla ya kuwajua nyuso. Hata sasa mtu akinisalimia sokoni kwa furaha, mara nyingi sina habari ni nani mpaka ageuke kwenda zake.

Kamera ilikuja mwaka juzi, mvua zilipoanza. Ilikuja ndani ya boksi pamoja na mtu wa kuieleza, injinia wa makamo kutoka Bukavu, mpole, mwenye miwani na shati lisiloshika vumbi, jambo ambalo hadi leo sijui alilifanyaje. Aliisimamisha kwenye mguu wa chuma mbele ya kiti changu cha wagonjwa. Ilikuwa ndogo, ingeweza kukaa ndani ya kikombe. Pembeni yake akafunga taa kali, kwa sababu, alisema bila kuficha, waliotengeneza kamera hiyo waliizoesha nyuso nyeupe kuliko zetu, na bila taa ilikuwa ikibabaika. Nilimpenda kwa kusema ukweli huo.

Akanieleza kazi yake. Moyo ukipiga, damu hufika usoni, na ngozi ya paji la uso hubadilika rangi kidogo mno, kiasi ambacho jicho la mtu haliwezi kuona. Kamera inaona. Inaona pia mabega na kifua vikipanda na kushuka, na hapo inapata pumzi. Halafu inapima nafasi kati ya pigo na pigo. Hapo ndipo nilipojifunza jambo nililokuwa nimeligusa kwa vidole maisha yangu yote bila kuliwaza: moyo wa mtu mtulivu haupigi sawasawa kabisa. Unaharakisha kidogo akivuta pumzi, unapunguza mwendo akiitoa. Ule unaopiga kwa mpangilio mkali, kama askari kwenye gwaride, huo mara nyingi ndio wenye wasiwasi. Mashine inasoma yote hayo kwa dakika moja, bila kumgusa mtu, kisha inatoa rangi. Kijani, nenda kazini. Njano, nenda lakini tunakuangalia. Nyekundu, leo usipande lori. Kila dereva angekaa mbele yake mara moja kila siku tisa, na nyekundu tatu ndani ya mwezi mmoja, mtu anashushwa kwenye lori na kurudishwa nyumbani kabisa, kwa sababu za afya.

"Na mimi nifanye nini?" nilimuuliza.

"Wewe mama utawakalisha tu," alisema. "Uwaambie waangalie mbele, wasitikisike. Kamera ikipoteza uso inaanza upya."

Basi kazi yangu ikawa hiyo, kukalisha watu. Niliudhika, sifichi. Kamera ikishamaliza na mtu, niliendelea kumshika mkono kwa ukaidi tu, na kuandika hesabu yangu kwenye daftari ambalo hakuna aliyeliomba.

Injinia naye alikuwa na vituko vyake. Sisi ambao babu zetu waliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba, tunasalimiana kwa lugha yetu: moyo wenu. Ni salamu tu, kama wengine wanavyosema hujambo. Siku ya kwanza injinia alisikia madereva watano mfululizo wakiingia na kuniambia moyo, moyo, akaandika haraka haraka kwamba madereva watano wanalalamika moyo. Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Alipoelezwa alicheka na yeye, akafuta.

Mmoja wa hao watano alikuwa mtu wa mtaa wa Musonoi, jirani wa dada yangu. Tunaimba kwaya moja, yeye sauti ya nne, ile nzito, mimi sauti ya pili. Alikuwa na miaka hamsini na tisa na alibakiza miezi minane astaafu. Hiyo miezi minane ilikuwa kila kitu kwake. Dereva anayefika mwisho wa kazi yake hapa hushuka mwenyewe kwenye lori siku ya mwisho, na wenzake wote wanapiga honi kwa pamoja mpaka afike langoni. Baba yake hakupata hivyo. Baba yake aliletewa nyumbani barua ya kuachishwa kazi, na kuanzia siku hiyo, kama alivyonieleza jioni moja tukitoka mazoezi, mzee hakuongea tena mezani. "Mama, mi siombe Mungu kintu kingine," aliniambia. "Nishuke mwenyewe, na miguu yangu. Basi."

Nyekundu ya kwanza aliipokea kwa kicheko. Alisema labda kamera imeshtuliwa na sura yake, akaenda kukaa chini ya kivuli cha karakana siku nzima, akiwatania waliokuwa wakifanya kazi. Nilimshika mkono: sabini na mbili. Nikaandika kwenye daftari langu.

Ya pili ilikuja siku tisa baadaye, na hakucheka. Alibaki kwenye kiti, taa ikimmulika, akiitazama kamera kama mtu anayetazama ndugu aliyemsema vibaya.

"Mama, hii kintu inaona nini mu uso yangu yenye mi mwenyewe siione?" aliniuliza. "Nilikula. Nililala muzuri. Nilisali. Mi niko muzima."

Nikamshika mkono. Sabini na nne. Nikaenda kwa injinia na daftari langu mkononi, nikalibwaga mezani pake. Alilisoma lote kwa heshima, ukurasa kwa ukurasa, kisha akasema kidole kinahesabu mapigo, mama, hakipimi nafasi kati ya pigo na pigo. Hakusema kwa dharau, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mtu akikudharau unajua la kumjibu.

Kufikia hapo madereva wengi walikuwa wanapata njano, na maneno yalikuwa yameanza. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo walisema kamera inaona dhambi. Mke wa dereva mmoja alinifuata hadi kituo cha teksi-moto, pikipiki za abiria ambazo sisi tunaziita moto tu, akanivuta pembeni na kuniuliza kama mashine inaweza kumwandikia kwenye karatasi mahali ambapo mumewe alikuwa Jumamosi. Nikamwambia mashine haijui Jumamosi, inajua dakika moja tu. Aliondoka hakuridhika.

Katikati ya wiki akaja mwanamke aliyeajiriwa karibuni kuendesha lori la maji, lile la kulaza vumbi barabarani. Alikuwa ametoka Tenke, hajawahi kufanya kazi mgodini hata siku moja. Alikaa kwenye kiti akiwa bado na hasira zake za njiani.

"Ule mutu wa moto alinipitisha mu mayi yote, mama, angalia suruali yangu!"

Nikamwambia aangalie mbele, asitikisike. Aliangalia mbele na kuendelea kunung'unika kuhusu suruali yake dakika nzima. Kijani. Kijani safi, ya kwanza asubuhi ile, kwa mtu aliyeingia anafoka.

Nikawa nimesimama na kalamu mkononi. Aliyemfuata alikuwa dereva wa siku nyingi, mtu ambaye mgongo wake ningeutambua kati ya migongo mia. Alikaa, akaweka mikono kwenye mapaja. Nikasema kwa heshima, kama ninavyomwambia kila baba kila siku, "Usitikisike, tata." Na safari hii nikamtazama yeye badala ya kutazama kamera. Kifua kikapanda. Hakikushuka. Kifungo cha ovaroli yake kilibaki juu, palepale, sekunde baada ya sekunde, na mshipa wa shingo ukaanza kuvimba.

Alikuwa amefunga pumzi. Wote walikuwa wanafunga pumzi. Sauti ilikuwa ile ile, yangu, na neno lilikuwa lile lile la tatu, ambalo kwa miaka kumi na tisa halikuwahi kuwafikia bila yale mawili mbele yake. Nikisema usitikisike, miili yao inajazia yenyewe vuta na fungia. Kwa mtu asiyepumua, kamera inakosa kule kuyumba kidogo kwa moyo inakokutafuta, na inahesabu kwamba ana hofu. Nililiona jambo hilo lote kwa mara moja na nikajisikia vibaya, kama mtu aliyegundua kwamba chumvi aliyoitia kwenye uji wa mgonjwa haikuwa chumvi.

Nikaelewa pia kwa nini wengine walipata njano na yule wa Musonoi akapata nyekundu. Wengine walifunga nusu dakika, wakaishiwa, wakaiba pumzi kidogo. Yeye ni sauti nzito ya kwaya. Yeye angeweza kufunga dakika nzima bila kutoa jasho, na kwa sababu ni mtu mtiifu, alifunga.

Nilimkimbilia injinia, kwa magoti haya. Alinisikiliza akiwa amevua miwani. Akaja, akakaa mwenyewe kwenye kiti, akafunga pumzi, akapata njano. Akapumua, akapata kijani. Akashika kichwa.

"Mama, hili kosa ni letu," alisema.

"Ni langu," nikasema. "Mdomo ni wangu."

Alisema nyekundu mbili zilizokwisha kuingia hawezi kuzifuta yeye, zimekwenda kwa wakubwa. Lakini kesho asubuhi yule tata wa Musonoi anapita tena. Akipata kijani, injinia ataandika maelezo ya kosa na zile mbili zitaanguka. Nikamwuliza, na kama mashine itakosea tena? Akafikiri. Akasema basi ataweka hesabu ya mkono wangu kando ya rangi, rasmi, kwenye fomu yenyewe, na mkono wangu ukipingana na mashine, ataamini mkono wangu. Tangu kamera ifike nilikuwa nimetaka kusikia maneno hayo. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, nakiri, nikanunua samaki.

Jioni nilipitia Musonoi kumweleza. Nilimkuta anafunga kamba za viatu vyake vya kazi kana kwamba ni asubuhi. Nilimwambia yote: neno, pumzi, kamera. Nilimwambia kesho apumue tu. Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mkewe alisema kwa sauti ya kawaida, akichambua majani ya mihogo, kwamba tangu ile ya pili mumewe halali. Anaamka, anakaa ukingoni mwa kitanda, anajishika mwenyewe kifundo cha mkono na kujihesabu. Nikasema hilo litaisha kesho.

Asubuhi aliingia akiwa amenyoa. "Moyo wenu," alisema. "Moyo," nikajibu. Injinia alikuwa amesimama kando ya mlango. Nikawasha taa. Sikusema lile neno, nilikuwa nimeapa kuliacha. Nikasema, "Pumua, tata. Pumua sawa kama uko kwako."

Akapumua. Niliona kifua kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka, kwa uangalifu mkubwa, jinsi mtu anavyotembea akijua watu wote wanamtazama. Jasho lilikuwa limekaa juu ya mdomo. Dakika ikaisha.

Nyekundu.

Injinia alinitazama. Alisogeza ile fomu mpya karibu yangu, kalamu juu yake. Nikavuta stuli, nikaweka vidole viwili, nikaangalia saa. Mia moja kumi na nane. Nikasema samahani, nimepoteza hesabu, nikaanza upya. Mia moja ishirini na moja. Chini ya vidole vyangu moyo ule ulikuwa unakimbia kama kuku anayefukuzwa. Safari hii kamera haikukosea. Ilikuwa imekosea mara mbili, na makosa yale mawili yalikuwa yamemtia hofu mtu ambaye hakuwa nayo, na sasa ilikuwa inaisoma hofu hiyo vizuri kabisa.

Ningeweza kuandika sabini na mbili. Hakuna ambaye angejua. Injinia alikuwa ameshasema ataamini mkono wangu, na nadhani alikuwa ananiomba, kwa kunisogezea ile kalamu, niandike hivyo. Miezi minane tu. Lakini lori lile ni refu kuliko zahanati yetu, na njia ya kushukia shimoni ina watu chini yake, na mtu asiyelala wiki nzima angekuwa juu ya usukani. Hilo nililiwaza. Niliwaza pia, na hili ni aibu yangu, kwamba kwa mara ya kwanza wameuamini mkono wangu, na siku hiyo hiyo niufanye useme uongo. Sijui lipi kati ya hayo mawili lilinishika zaidi. Niliandika mia moja ishirini na moja. Chini yake nikaandika: amekosa usingizi kwa kuogopa kipimo. Fomu haikuwa na nafasi ya sababu, kwa hiyo niliandika pembeni, kwa herufi ndogo.

"Umeandika ngapi, mama?" yule tata aliniuliza.

Nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa polepole. "Njo ile ile," alisema, yaani ndiyo hiyo hiyo. "Na mi nilihesabu ile ile."

Alitoka kwa mlango wa mbele, kwa miguu, wakati malori ya wenzake yalikuwa yanaingia shimoni. Injinia aliandika maelezo yake ya kosa siku hiyo hiyo, kurasa mbili, na nilisoma, alikuwa ameandika ukweli wote. Jibu la wakubwa lilikuja kwamba nyekundu ya tatu imethibitishwa na muuguzi kwa mkono, kwa hiyo uamuzi wa kumshusha unabaki. Kuanzia wiki iliyofuata madereva wote walipumua, na karibu wote wakawa kijani. Wakubwa walikuja kunipongeza. Mmoja aliniletea keki.

Nilikaa wiki tano bila kwenda Musonoi. Kwenye kwaya hakuja, na mwenye kutuongoza alitangaza tumwombee ndugu yetu mgonjwa. Nilisimama pale na kitabu cha nyimbo mkononi, nikainamisha kichwa na wengine, na kumwombea kwa ugonjwa nisioujua.

Nilikwenda Jumapili, mchana, mwezi wa kumi na mbili, jua la kuchemsha bati. Mkewe alinikaribisha vizuri. Mume alikuwa amekaa kwenye kiti cha sebuleni, shati safi, miguu imenyooshwa juu ya kigoda. Sikumwuliza, alininyooshea mkono mwenyewe, na kwa mazoea nikaushika. Moyo ulikuwa umetulia. Ulikuwa unayumba kidogo, kama moyo mzuri unavyoyumba. Mkewe alikuwa amesimama juu yetu, akisubiri. Akanieleza kwamba ameacha kumtilia chumvi kwenye chakula. Hamruhusu kubeba maji wala kupanda moto kwenda mjini. Watu wa kanisa wanakuja kila Alhamisi kumwekea mikono.

"Lakini mama," alisema, "batu bananiuliza, na mi sijue kujibu. Ile ugonjwa yake, jina yake ni nani?"

Nikasema, "Hana na ugonjwa."

Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Kama hana na ugonjwa, juu ya nini uliandika?"

Nilimwambia kwamba asubuhi ile ilikuwa kweli. Nilimwambia kuhusu usingizi, kuhusu lori, kuhusu watu walio chini ya njia. Niliongea mengi, na nilisikia kwamba naongea mengi. Mume alikuwa anatazama mlangoni, na hakusema chochote tangu nifike. Mke alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ndiyo mama, kwa adabu, kama mtu anavyomjibu daktari anayeficha jambo kwa huruma. Kisha akaingia chumbani, akarudi na blanketi, akamfunika mumewe miguu na tumbo, akalichomeka vizuri pande zote kwa joto lile, na mume akatulia akafunikwa.